Karafuu Katika Chakula cha Samaki

Mwalimu hakula samaki. Aliishi Kendu Bay, hatua chache kutoka ziwani, akatengeneza chakula cha samaki kwa miaka mingi, na wafugaji wa Homa Bay nzima walijua kwamba ngege, samaki aina ya perege, waliolelewa kwa chakula chake walinenepa vizuri. Lakini samaki mwenyewe hakumgusa. Alikula maharagwe, sukuma wiki na mayai. Ukimkaribisha kwa ngege wa kukaanga, alisogeza sahani kwa kidole kimoja na kusema, "Huyu nimemlisha mimi. Siwezi kumgeukia tena nimle." Watu walicheka wakidhani ni mzaha. Mimi niliyefanya kazi kwake miaka minne najua kwamba hakutania.

Sitamtaja jina. Kila mtu alimwita Mwalimu, na wazee wakamwita Japuonj, ambalo ni neno hilohilo kwa Kijaluo, kwa sababu kabla ya kustaafu alifundisha wasichana sayansi kimu: kupika, kushona, kuhifadhi chakula kisiharibike. Mimi ni Mkuria kutoka upande wa Migori. Kijaluo changu ni cha kuulizia bei ya nyanya tu, kwa hiyo mimi naye tulizungumza Kiswahili, isipokuwa neno moja ambalo hakulibadilisha kamwe. Aliniita nyathina, yaani mwanangu. Neno hilo ndilo linaloniuma zaidi ninapomkumbuka, maana nilimfanyia jambo ambalo mtoto hapaswi kumfanyia mzazi. Nitalifikia. Kwanza nataka ajulikane alivyokuwa, kwa kuwa kwa muda mrefu alijulikana kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Kazi yake aliifanyia katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Kulikuwa na mashine ya kusaga, mashine ya kukamulia tembe, na turubai mbili kubwa za kuanikia. Alisaga omena, wale dagaa wa ziwani, pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na unga kidogo wa muhogo wa kushikanisha. Hakuamini macho ya mtu mwingine wala vipimo vya kununua. Omena aliipima kwa vidole: alimchukua samaki mmoja mkavu na kumkunja karibu na sikio lake. "Akipinda, rudisha juani. Akilia, lete." Pumba alizitia mkono hadi kwenye kiwiko, akafumba macho kana kwamba anasikiliza. Kama ndani ya gunia palikuwa na joto hata kidogo, gunia zima lilimwagwa.

Adui yake alikuwa unyevu. Hewa ya ziwani haikauki, na chakula kikikaa kwenye gunia wiki chache huanza kuota kuvu. Kuvu yenyewe unaweza kuiona na kuifuta, lakini sumu inayoiacha haionekani, na samaki anaila kidogo kidogo mpaka ini lake linaisha. Bakteria nao wanazaliana humohumo. Dawa za viwandani za kuzuia hayo zilikuwepo madukani, lakini Mwalimu alisema anataka dawa ambayo ikimwagikia kwenye chai yake ataendelea kunywa.

Basi akaitafuta. Dirishani kwake alipanga chupa za jamu zilizooshwa, kila moja ikiwa na konzi ya chakula kilichonyunyiziwa maji makusudi na kuchanganywa na kitu kimoja. Mchaichai, majani ya mwarobaini, maji ya limau, kitunguu saumu, tangawizi, karafuu. Kila asubuhi baada ya sala alizipitia akiwa amevaa miwani, kama daktari anayetembelea wodi. Chupa isiyo na dawa iliota manyoya ya kijani siku ya tatu. Ya mwarobaini ilivumilia, ila samaki walipopewa chakula kile walikitema. "Hata mimi ningetema," alisema. Iliyoshinda zote ilikuwa ya karafuu iliyosagwa pamoja na kitunguu saumu kilichokaushwa na maji kidogo ya limau. Hakuficha siri hiyo. Yeyote aliyefika na kalamu aliambiwa vijiko vingapi kwa gunia. Siku moja wanafunzi wa chuo walikuja na vifaa vyao, wakachukua vijichupa vyake, wakampa majina marefu ya vitu alivyokuwa akivijua kwa pua. Aliwafanya wayatamke mara tatu, kisha akawauliza, "Na nyinyi chakula chenu mnakianika wapi?" Hawakuwa wamewahi kuanika kitu.

Karafuu aliinunua kwa mzee mmoja Mwislamu kutoka pwani, mwenye duka la viungo pale mjini. Wawili hao walipendana kwa kubishana.

"Mama Mwalimu, karafuu yote hii! Wapikia pilau watu wangapi?"

"Elfu tatu. Na hakuna hata mmoja anayesema asante."

"Hao ni wageni gani wasio na adabu?"

"Wageni wako majini. Pima vizuri, usinichanganyie vijiti."

Alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jioni mashine zilizimwa hata kama oda ilikuwa imechelewa. Lakini mtu akimwambia kwamba ataombea chakula kisiharibike, alikasirika. "Mungu ameshakupa jua. Unamwomba nini tena na turubai bado umeikunja?"

Na aliogopa maji. Mwanamke aliyejua maradhi yote ya ngege hakuwahi kupanda mtumbwi kwenda kwenye vizimba vinavyoelea ziwani. Alisimama ufuoni, gauni amelikusanya mkononi, akawapigia kelele vijana wa vizimba: "Tupeni kidogo kidogo! Hao si ng'ombe!" Vijana walimpungia mkono bila kusikia. Akageuka kwangu na kusema, "Wamesikia," nasi tukarudi nyumbani.

Hasira yake haikuwa na mpangilio. Kuna mtu wa jirani aliyemwibia magunia mawili. Mwalimu alimfuata hadi kwake, nami nyuma yake nikingojea vita. Alichungulia ndani, akaona magunia yamelala sakafuni. "Umeiba, sawa," alimwambia. "Lakini usiyaweke chini namna hiyo. Weka mbao chini yake, sakafu inavuta unyevu." Akaondoka. Mtu yule aliyarudisha kesho yake kwa aibu. Lakini mimi siku niliyochota pumba kwa mkono wenye maji aliupiga mkono ule kama wa mtoto wa shule, na hakuniongelesha hadi usiku ulipoingia. Kwenye chakula cha jioni ndipo alipoongea. "Nyathina, karafuu ni mlinzi tu. Mlinzi hafufui maiti. Chakula kikifika kwake kikiwa kimekufa, yeye atakaa mlangoni tu akinukia vizuri." Nilijibu, "Nimeelewa, Mwalimu." Na kweli nilikuwa nimeelewa. Siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Ilikuwa msimu wa mvua za masika. Mwalimu alikwenda Kisumu kutolewa mtoto wa jicho, akaniachia kibanda kwa wiki moja. Kulikuwa na oda ya kikundi cha akina mama wa bonde la Lambwe waliochimba vidimbwi vinne kwa majembe yao wenyewe. Walikuwa wamengojea mwaka mzima, na samaki wao walibakiza miezi miwili tu kuvuliwa. Alichonisisitizia ni kimoja: kugeuza pumba na omena juani kila mara, na mawingu yakikusanyika niingize kila kitu ndani.

Siku ya pili kaka yangu akanipigia simu kutoka Osiri, kwenye migodi ya dhahabu. "Tumefika kwenye mwamba wenyewe. Njoo leo, sehemu yako ipo, lakini uwepo kwa miguu yako." Nilifunika turubai, nikaweka mawe kwenye pembe, nikaondoka. Nilijiambia ni siku moja. Zikawa tatu. Tulisaga mawe, tukaosha mchanga, na nilichoondoka nacho hakikutosha kununua viatu.

Nilipofungua turubai nilijua kabla sijainama. Maji yalikuwa yameingia kwa chini. Niliingiza mkono hadi kiwiko, kama alivyonifundisha, na ndani palikuwa na joto kama mwili wa mtu mwenye homa. Pumba zilikuwa zimeshikana mabonge, na nilipoyavunja ndani yalikuwa ya kijani. Omena ilipinda bila kulia. Nilipaswa kumwaga vyote na kuwapigia akina mama wa Lambwe kwamba watangoja. Lakini ningeulizwa kwa nini. Siku iliyofuata jua lilitoka. Niliyavunja yale mabonge, nikaanika vyote kutwa, nikasaga. Unga ulikuwa na harufu ya ghala la zamani. Nikatia karafuu. Harufu ile haikuondoka. Nikatia tena kipimo kilekile, na kitunguu saumu juu yake, mpaka macho yangu yakatoa machozi na sikunusa tena kitu kingine chochote.

Mwalimu alirudi akiwa amefunikwa jicho moja. Kabla hajaketi alichota konzi ya tembe, akainusa.

"Leo karafuu imekaa vizuri," alisema. "Umekuwa mtu mzima sasa."

Nilisema asante. Magunia yakaenda Lambwe.

Wiki kadhaa baadaye mwenyekiti wa kile kikundi, mama mwembamba anayeongea kwa sauti ya chini, akapiga simu kusema samaki hawali. Kisha kwamba wanaelea. Mwalimu alinichukua tukaenda. Vidimbwi vinne vilikuwa vimefunikwa matumbo meupe, na akina mama walikuwa wakiwatoa kwa makarai na kuwafukia shimoni, mbwa wakingoja pembeni. Hakuna aliyepiga kelele. Heri wangepiga kelele.

"Mwalimu," mwenyekiti alisema, "sisi hatukununua kwa duka. Tulinunua kwako, kwa sababu ni wewe."

Mwalimu aliokota samaki, akafungua mashavu yake, akatazama kwa jicho lake lililo zima. Alimpasua kwa kisu akaliangalia ini, limepauka kama maziwa. Aliomba gunia lililobaki, akanusa, akanusa tena. Kisha akaniita kando, nyuma ya mti wa miiba.

"Pumba ziligeuzwa?"

"Ziligeuzwa, Mwalimu."

"Karafuu ulitia ile ya kawaida?"

"Ile ya kawaida."

Sikuona shaka machoni pake, na hilo ndilo lililonishinda. Aliniamini palepale, na kwa kuwa aliniamini ilibidi alitafute kosa kwingine, akalitafuta kwake. "Basi ni dawa yangu," alisema. "Chupa ni chupa, samaki ni samaki. Nimewalisha watu kitu nisichokijua."

Sabato iliyofuata aliomba nafasi kanisani. Akina mama wa Lambwe walikuwa wamealikwa, wakakaa mbele. Mwalimu alisimama bila karatasi. Alisema kwamba alijivuna, kwamba alijiona anajua zaidi ya waliosoma, na kwamba kwa kiburi chake ameua jasho la wanawake wenzake. Aliomba wamsamehe. Sauti yake haikutetemeka mpaka alipofika kwenye neno "wenzangu". Mimi nilikuwa benchi la tatu, upande wa akina mama, nimeshika kitabu cha nyimbo kilichofunguka ukurasa ambao sikuusoma. Nilikuwa na nafasi ya kusimama. Benchi halikuwa na watu wengi, hakuna ambaye angenizuia. Niliimba wimbo wa kufunga pamoja na wengine.

Baada ya hapo aliziosha zile chupa, akazigawa kwa majirani wawekee mafuta ya taa. Mzee wa viungo alimletea karafuu bure, akamwambia labda ni maji ya kidimbwi, labda ni joto. Alimrudishia. Kwa muda alitengeneza chakula kisicho na dawa yoyote, wateja wakapungua, kwanza kwa sababu ya habari za Lambwe, halafu kwa sababu chakula chenyewe kilianza kuota ukungu magunia yakifika wiki ya tatu. Mashine zikasimama. Mimi nikamuaga, nikamwambia mama yangu anaugua. Alinifungia mkate wa njiani. "Nyathina, hukunikosea kitu," alisema mlangoni, kwa sababu alidhani naondoka kwa aibu ya kushiriki kosa lake.

Nilifungua duka la chakula cha mifugo mjini Migori. Natengeneza pia chakula cha samaki. Natia karafuu, kitunguu saumu na maji ya limau, kwa vijiko vilevile, na pumba zangu ninazigeuza mwenyewe. Hakijawahi kuharibika. Wafugaji waliponiuliza nilijifunza wapi, kwa miaka sita nilikuwa nikijibu, "Ni utaalamu wa kisasa." Mara mbili nilifika Kendu Bay kwa shughuli za duka, na mara zote mbili nilipitia barabara ya nyuma.

Mwaka jana nilialikwa kwenye mafunzo ya wafugaji wa samaki katika ukumbi mmoja mjini Homa Bay. Mkufunzi alikuwa kijana mchangamfu, amevaa fulana ya kazi. Alieleza jinsi ya kuzuia kuvu na bakteria kwa viungo vya jikoni, akaandika ubaoni viungo na vipimo vyake: karafuu, kitunguu saumu, mchaichai, limau. Nilikuwa nimekaa mbele pamoja na wenye maduka. Ndipo mkono ukainuka kule nyuma, na sauti ambayo ningeitambua hata nikiwa usingizini ikasema:

"Samahani, mwalimu. Karafuu usiwafundishe. Mimi niliua samaki kwa karafuu."

Watu waligeuka. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe, amevaa miwani mizito. Mkufunzi akatabasamu. "Nyanya, karafuu haina shida. Labda ulizidisha kidogo."

"Sikuzidisha. Nilikuwa na msaidizi mwaminifu, alipima kama kawaida. Ninakuambia usiwafundishe. Kuna akina mama walifukia samaki wao wote."

Mtu mmoja akacheka, sio kwa ubaya, kama tunavyowacheka wazee. Mkufunzi akasema tutalijadili baadaye, akaendelea. Nikamwona Mwalimu akichukua mkoba wake na kutoka. Nilibaki kwenye kiti. Naandika hili ingawa ninaona haya: hata siku ile, hata baada ya neno "mwaminifu", nilibaki kwenye kiti mpaka mlango ukafungika.

Kisha nikainuka. Nilimkuta nje, amekaa kwenye ngazi, akipumzika kabla ya safari. Hakunitambua mpaka nilipomwamkia.

"Nyathina!" Alinishika mikono yote miwili. "Umenenepa. Una heri."

Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu ningeketi nisingesema. Nilimwambia Osiri, siku tatu, turubai, joto la pumba, mabonge ya kijani. Nilimwambia karafuu ya pili niliyoitia ili asinuse. Mikono yake ilibaki katika yangu kwa muda, kisha akaiondoa, mmoja baada ya mwingine, akaiweka mapajani.

"Omena ilipinda?"

"Ilipinda, Mwalimu."

"Ukasaga."

"Nikasaga."

Alitazama barabarani. Pikipiki zilipita. Nilidhani atalia, au ataniapiza, na chochote kati ya hivyo ningekipokea kwa shukrani.

"Siku ile kanisani, ulikuwa umekaa wapi?"

"Benchi la tatu. Upande wetu sisi wanawake."

"Ulinisikia vizuri?"

"Nilikusikia vizuri."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali hesabu ambayo jibu lake ni baya. Nikaanza kusema nisamehe, akainua kiganja. "Usinipe hilo sasa. Mikono yangu imejaa." Akashika ukuta, akasimama. "Ingia ndani. Yale uliyoniambia mimi, waambie wale. Mimi nitakaa nisikie. Halafu kesho utakwenda Lambwe peke yako. Huko sitakusindikiza."

Tuliingia. Nilimwomba mkufunzi nafasi, nikasema mbele ya wateja wangu, wafugaji wanaonunua kwangu, na wenye maduka wanaoshindana nami. Nilisema kosa halikuwa la karafuu wala la mama huyu, lilikuwa langu, na niliyaeleza yote mpaka kwenye kitabu cha nyimbo. Nilipomaliza nilimtafuta kwa macho. Hakuwa akinitazama. Alikuwa ameegemea mbele kwenye kiti, akisoma ubao, midomo ikicheza kama anayehesabu.

"Mwalimu kijana," alisema, "hivyo vijiko vya karafuu ulivyoandika, ni kwa gunia la kilo hamsini?"

"Ndiyo, nyanya."

"Ni vingi. Samaki watatema. Nipe chaki."

Watu wakampisha. Alipita kando yangu bila kunigusa, akafuta namba ya kijana kwa kiganja, akaanza kuandika, huku akiuliza ni nani kati yao anayeanika juu ya mabati na nani chini. Mikono ikainuka. Wote walitaka kumjibu. Mimi nilibaki nimesimama palepale mbele yao, na hakuna aliyeniambia niketi.